Kidole cha Mwisho

Nilikabidhiwa mashine Jumatatu, pamoja na fulana yenye nembo
na maneno ya kukariri: Mpango umeboreshwa.
Hakuna tena kulala nje ya benki,
hakuna tena wakala wa kukata mia yake,
fedha zitaingia kwenye simu, moja kwa moja.
Ila kwanza kila mzee athibitishe kwamba yu hai
na kila mlemavu kwamba bado ni mlemavu.

Kibarua cha siku kumi, ofisi ya chifu, juu kidogo ya Mbale,
mahali ambapo mtandao huja ukipenda,
kama mpwa aliyesikia mmechinja kuku.

Wa kwanza alikuwa Keverenge, fundi viatu.
Nikamuuliza kama nilivyofunzwa:
Je, hali yako imebadilika tangu usajili uliopita?
Akaitazama suruali yake, upande uliokunjwa ukabanwa kwa pini.
"Mguu haujarudi," akasema.
"Ukirudi nitautuma uje utie sahihi."
Benchi zima likacheka, nami nikacheka,
nikaweka alama kwenye HAPANA,
na mashine ikadai barua ya daktari.
Daktari huja Alhamisi. Leo ni Jumanne.
Alienda akiichapa ngazi kwa gongo, moja, moja,
na hakuna aliyecheka tena.

Saa sita akafika Respah Kadenyi,
miaka themanini na mmoja, arobaini akiponda kokoto kilimani.
Hata msingi wa ofisi hii, alinieleza akikaa,
una debe zake kumi na sita.
Moja hawajalilipa.

Kidole gumba: HAKITAMBULIKI.
Cha shahada: HAKITAMBULIKI.
Nikakipangusa kwa pamba. Nikakipaka mafuta.
Nikakikausha kwa upindo wa fulana ya serikali.
Ngozi ilikuwa laini kama jiwe la mtoni;
nyundo ilivisoma vidole hivyo kabla yetu
ikaondoka na maandishi yote.
Mkono wa kulia ukaisha. Wa kushoto nao, ukaisha,
akabakia huyu mdogo wa pembeni, aliyepinda,
aliyevunjwa na kamba ya mbuzi akiwa msichana wa miaka saba,
asiyekunjika, asiyewahi kushika nyundo wala mpini.
"Mjaribu na huyu mvivu," akasema.

Ti. Kijani.

Kidole kimoja hakivunji chawa, najua, nililelewa kwa methali hiyo.
Lakini tisa vilivyofanya kazi serikali haivijui,
na kimoja kilichokaa bure
ndicho raia.

Nikamsomea yaliyoandikwa: Hongera. Uko hai.
"Asante," akajibu, "nilikuwa nimeanza kushuku."
Kisha akauliza za nyuma, za miezi mitano.
Nikatafuta kwenye kioo, juu, chini.
Kitufe cha za nyuma hakikuwepo.

Nilidhani atainuka.
Chini ya jina lake palikuwa na jina la mumewe,
Ezra Inyangala, na alama nyekundu:
HAJAJITOKEZA. ONDOA?
Hakujua kusoma, ila rangi aliijua.
"Huyo ni wangu," akasema. "Alikwenda mwaka juzi, wakati wa kupalilia."
Nikamwambia pole. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kioo,
kizima, chenye mistari yake yote.
"Kabla hujamwondoa, mfungue nimwone.
Picha tuliyokuwa nayo ni ya kitambulisho,
na kitambulisho kilirudishwa hapa hapa."

Nikafungua.
Mvua ya saa nane ikaanza kwenye mabati, kama kokoto.
Akaja kwa vipande, kutoka juu:
nywele, paji la uso lenye kovu,
nyusi, jicho moja, la pili,
pua. Hapo mtandao ukakwama.

Foleni ikanung'unika. Mtu akakohoa kwa makusudi.
Betri ilisema asilimia kumi na moja.
Yeye alikuwa ameinama hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo,
akaufuta kwa kile kidole kilichopinda.

"Usiwe na haraka, mwanangu," akaniambia.
"Mdomo bado."